Mwisho wa Kofia na Ndoo

Kijiwe chetu ni benchi refu ndani ya duka la donati la Verna, kona ya benki, chini ya dirisha. Desemba ya kwetu Iowa, Marekani, ukikaa benchi la nje utakuja kubanduliwa kwa koleo. Wenye benchi ni hawa. Sajini, aliyepigana vita vya Ulaya kwa kumenya viazi miaka mitatu, na kila akisimulia viazi vinapungua, maadui wanaongezeka. Profesa, anayenunua ensaiklopidia juzuu moja moja. Amefika ya saba kati ya ishirini, na hakuna asilolijua duniani ilimradi limo kwenye zile saba. Delbert, fundi bomba, mtu wa maneno ya kupima kwa kijiko. Na mimi, wananiita Mashine kwa kuwa ndimi mtu pekee katika wilaya tatu anayeendesha projekta ya ukumbi wa zimamoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili unakula pai. Kila Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi nawaonyesha watoto wa mji katuni ya Kofia na Ndoo. Basi Desemba ya mwaka sitini na nane, asubuhi moja, Delbert akaingia na barua ya mwanawe Duane, aliye vitani Vietnam, akatoa kalamu na karatasi, akakaa.

— Jamani, leo nataka jibu moja la kweli. Gari la posta linapita saa tano, na hili lazima liondoke nalo.

— La kweli lipi? akauliza Sajini. Mimi ninayo mengi.

Delbert akavaa miwani, akasoma:

— "Baba, huku kuna jamaa wa Nebraska ameiona ile katuni yetu kwao. Anasema mwishoni habaki mtu. Nimemwambia muongo, kwetu Baba Krismasi anaingia na machungwa. Tumebishana siku tatu, kikosi kizima kimegawanyika. Baada ya sikukuu tunapelekwa milimani. Niandikie inaishaje, nijue kabla sijaenda."

Akakunja barua.

— Haya. Inaishaje?

Kama hukukulia kwetu, katuni yenyewe ni hivi. Watu wawili wa theluji, mmoja amevaa kofia, mwingine ndoo, wanaishi huku na huku ya ua wa miti. Wanasalimiana vizuri tu. Siku moja upepo unaleta skafu nyekundu, inanasa juu ya ua, katikati kabisa. Kila mmoja anasema yangu. Wanaanza kurushiana madonge ya theluji, na madonge wanayachota kwenye miili yao wenyewe: kwanza tumbo, kisha bega, kisha kiuno. Wanapobaki vichwa viwili na mkono mmojammoja, kila mkono umeshika donge la mwisho, hapo mkanda wetu umekatika. Taa zinawaka, king'ora cha zimamoto kinalia, Baba Krismasi anaingia na kreti la machungwa. Ni miaka kumi na tano sasa. Muulize mtoto yeyote wa mji huu vita huishaje, atakwambia kwa machungwa.

— Anashinda Ndoo, akasema Sajini. Ndoo ni chuma. Kofia ni kitambaa. Mimi vitani nimeona kofia ya kitambaa ikikutana na chuma.

— Wewe vitani umeona sufuria, akasema Profesa.

— Sufuria nayo ni chuma! Sasa sikiliza mbinu. Ndoo anarudi nyuma hadi ghalani, anajaza theluji mpya, anamzunguka Kofia kwa nyuma. Anachukua skafu, anapewa nishani. Delbert, andika.

Delbert hakuandika.

— Ile katuni inapinga vita, Sajini, akasema Profesa. Mtoto mdogo anaona: unayemrushia ni mwenzio, lakini unachorusha ni wewe mwenyewe. Unajimaliza. Waliochora waliogopa kusema waziwazi, wakaificha ndani ya Krismasi.

— Inapinga vita wapi? Inapinga kuishiwa risasi! Wangekuwa na akiba wasingefika huko. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na pale nyasi zimefunikwa na theluji, hazijui hata kama kuna ugomvi. Nani kaumia hapo?

— Fahali, akasema Verna toka nyuma ya kaunta.

Sajini akamwangalia kama mtu aliyemwagiwa kahawa.

— Mimi mwisho wake naujua kisayansi, Profesa akaendelea. Juzuu ya sita, enzi za barafu. Wakiwa wameshika yale madonge, inashuka barafu kubwa kutoka Kanada, unene wake maili nzima. Inawafunika wote wawili na skafu yao. Miaka elfu kumi baadaye, pale waliposimama panakuwa ziwa, na watu wanakwenda kuvua samaki.

— Na skafu? akauliza Sajini.

— Inavuliwa kwa ndoana na mzee wa Kinorwe.

— Na juzuu yako inasema nini kuhusu vita?

— Vita viko juzuu ya mwisho. Sijafika.

— Miaka yote hiyo unabishana nami kuhusu vita na hujafika!

— Haraka haraka haina baraka.

Verna akaja na birika, akatumiminia, akaegemeza kiuno kwenye benchi.

— Nyinyi wanaume hamna akili. Wale ni ndugu. Mama yao anatoka jikoni na mwiko, anampa huyu moja, anampa yule moja, skafu anajifunga yeye. Habari kwisha.

— Mtu wa theluji ana jiko? akauliza Sajini.

— Mtu wa theluji ana baridi ya kutaka skafu? Verna akajibu, akarudi kwenye donati zake.

Hilo hatukuwahi kulifikiria. Theluji na skafu wapi na wapi.

Delbert akanigeukia. Nilijua atanigeukia.

— Mashine. Mkanda ni wako.

Hapo nikafanya nilichofanya kila mwaka: nikasimulia moto.

— Delbert, unajua mwenyewe mkanda ulivyoungua. Balbu ilipasuka kama bomu. Moto ukapanda hadi darini! Wazimamoto wote wako chumba cha pili wanacheza karata, mimi peke yangu na koti langu. Nikaupiga, ukanipiga, nikaupiga. Tundu la koti hili hapa.

— Tundu hilo la sigara, akasema Profesa.

— Moto ni moto! Nikaokoa mkanda wote isipokuwa dakika mbili za mwisho. Mtu mwingine angepoteza jengo.

— Ulipoanza kuusimulia moto huu, akasema Sajini, uliishia magotini.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakacheka. Delbert hakucheka. Kalamu yake ilikuwa bado juu ya karatasi, na chini ya kalamu palikuwa na maneno matatu tu: "Mwanangu Duane. Mwisho."

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, ikafuatwa na mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa posta. Mzee wetu wa posta alikuwa amevunjika nyonga, na huyu, Noreen, kaletwa kutoka mji wa Dubuque kushika nafasi yake. Alikuwa na wiki moja mjini.

— Kuna barua ya kwenda mbali hapa? Nimeambiwa nisiiache.

— Ipo, mama, akasema Delbert. Nipe dakika moja. Hawa wanatafuta mwisho wa katuni.

Verna akampa kahawa. Noreen akainywa akiwa wima, na kwa dakika hiyo akamwagiwa yote: mbinu za Ndoo, barafu ya Kanada, mwiko wa mama, na moto wangu, ambao kwa heshima ya mgeni niliupandisha hadi kwenye paa. Alisikiliza vizuri. Kisha akanigeukia mimi.

— Marehemu mume wangu alikuwa anaonyesha picha kanisani. Mashine zile, siku moja kabla lazima ujaribu, uuzungushe mkanda mzima. Wewe siku ya kujaribu uliona nini?

Miaka kumi na tano. Watu elfu mbili. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Mimi ni mtu niliyewahi kumnyamazisha muuza magari kwa saa nzima. Lakini pale ulimi ulikaa mdomoni kama donati ya juzi. Kwa sababu siku ya kujaribu nilikuwa na mtoto magotini. Delbert alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa za mti, akaniachia Duane, miaka minne, pua inatoka kamasi. Tukaangalia hadi mwisho. Madonge ya mwisho yakarushwa. Pakabaki kofia, ndoo na karoti mbili chini. Sungura akaja, akala karoti moja, kisha ya pili, akapita zake. Skafu ikapeperushwa na upepo. Duane akaniuliza wameenda wapi. Nikamwambia watarudi. Akaniuliza lini, akaanza kulia, na hakuna donati ya Verna iliyomnyamazisha. Alipopitiwa na usingizi nikaazima mkasi. Moto haukuwepo. Dakika mbili zile zimo kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda changu.

— Mashine? akasema Sajini. Umeulizwa.

— Verna, nikasema, kahawa.

Verna akaligeuza birika juu chini. Tone moja.

Delbert alikuwa ananitazama. Alinitazama muda mrefu, mtu ambaye maisha yake yote anatafuta bomba linapovujia nyuma ya ukuta. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Mashine, machungwa ya mwaka huu yamefika?

— Yamefika, nikasema. Makreti mawili.

— Mazuri?

— Makubwa hivi.

— Basi.

Akainama, akaandika bila kuinua kalamu. Hakuficha, benchi letu ni jembamba, tulisoma wote. "Mwisho ni machungwa. Huyo wa Nebraska mwambie aje aone mwenyewe. La kwako nakuwekea."

Akalamba bahasha, akaibonyeza kwa ngumi, akampa Noreen. Noreen akaitia mkobani, akavaa glavu, akatoka. Na kijiweni kwetu, pale ambapo hata tarehe ya leo hubishaniwa, hakuna aliyebisha.