Tak Tak Kwenye Santuri ya Mama

Benchi liko nje ya duka la matairi, pale upepo wa Isiolo unapomwaga vumbi lake lote, na marafiki watatu hawakosi hapo kila alasiri kunywa kahawa ya tangawizi. Siku hiyo Mahamud alifika amekumbatia santuri kifuani, uso umemshuka. Marehemu mama yake aliimba kwenye santuri hiyo moja tu maishani, na Jumamosi dada zake wanatoka Merti kuja kuisikiliza. Lakini kila akiipiga, inalia tak tak tak, na roho inamuuma kweli.

— Leo nimeishika ikanipiga shoti, alisema. Nywele ya mkono ikasimama.

— Hiyo ni stima imevuja, alisema Nanok, aliyeitwa Fundi tangu abadilishe balbu ya hoteli.

— Mashine ya kuipigia nilikuwa nimechomoa.

— Basi ilibaki ndani. Stima hukawia kutoka.

Bonaya, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kumdunga ngamia sindano na ngamia akapona, aliuliza:

— Unaipanguza na nini?

Mahamud akaonyesha shali yake ya nailoni, ile ya sikukuu. Aliona nguo nyingine haimfai mama.

— Unasugua?

— Kwa nguvu. Kabla na baada.

— Basi ni wewe unaichaji. Na hii ukavu, vumbi yote ya Oldonyiro inakuja kushika hapo, ndiyo inalia tak tak. Tafuta kitambaa ya pamba, ulowanishe kidogo.

Fundi hakuridhika.

— Kitambaa haitoshi. Si nguzo ya stima iko na waya ya kuingia chini? Mahamud pia ajifunge waya kwa mguu, azike mwisho.

— Mchanga ya hapa ni kavu, Fundi. Heri apeleke mashine Kinna kwa mashamba ya maji, apigie huko akisimama kwa mfereji.

— Na dada zake?

— Wasimame pia. Bila viatu.

Mahamud alikuwa ameanza kuwaza gari la Kinna wakati Sirad, binti yake, alipokuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Msichana akaitazama santuri ya bibi yake.

— Aabo, kwani ayeyo anaimba nini humo?

Mwezi mzima Mahamud alikuwa amekaa sikio kwenye spika, na kila tak aliijua ilipo: mbili mwanzoni, tatu katikati, moja ndefu karibu na mwisho. Neno la mama yake hakuwa amelisikiliza hata moja. Aliona aibu, akawageukia wenzake. Fundi alikuwa anachungulia kikombe. Daktari alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

— Kisomali, alijibu mwishowe.