Kikaango Kilichokuwa Nyuma ya Pazia

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu mabenchi yamejaa, asifiwe na huko kwenu. Mimi ni Mama Kabula. Wengi mnanijua, na mnajua kwamba nikipewa dakika tano nachukua ishirini. Mzee wa kanisa ameshaanza kuangalia saa yake. Leo anivumilie tu, maana jambo hili nimekaa nalo kifuani mpaka limenichosha.

Kwetu ni Tinde. Niliolewa huko, nikaja hapa Nyarugusu kumfuata Baba Kabula aliyekuwa anafuata dhahabu. Tukapanga chumba kimoja, ukuta wa tope, juu bati. Kitanda huku, jiko la mkaa kule, katikati nikatundika pazia. Ndugu zangu, niliona aibu na chumba kile! Nikiingia kwa majirani naona makochi yamevalishwa vitambaa vya kufuma, naona kabati la vyombo lina vioo, vikombe vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Nikirudi kwangu naona sufuria chini, nguo kwenye ndoo, viatu vya shimoni juu ya gunia la mahindi. Baba Kabula alikuwa ameniahidi kwamba jiwe likitoa dhahabu tu, makochi yanaingia. Basi mimi nikaamua kwamba mpaka makochi yaingie, mtu asiingie.

Mnajua wanawake wa kanisa letu wana utaratibu wa kutembeleana. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mnaomba, mnakunywa uji, mnafundishana kufuma, kupanga vyombo, kupika mboga bila kuimaliza nguvu. Zamu yangu ilipofika nikasema nina malaria. Ilipozunguka ikarudi, nikasema nimefiwa na shangazi Tinde. Ikarudi tena, nikamfisha shangazi yule yule mara ya pili. Mungu anisamehe, shangazi yuko hai mpaka leo analima mpunga, na ana nguvu kuliko mimi.

Nikasema moyoni, nitajitengenezea mwenyewe, kimya kimya. Sakafu ilikuwa vumbi tupu. Nikaona kule mwaloni, mahali wanaposagia na kuoshea mawe ya dhahabu, kuna milima ya udongo ambao wameshamaliza kazi nao. Sisi tunauita marudio. Ni laini kama unga, wa kijivu, ukiukanda na maji unateleza mkononi. Nikabeba ndoo kwa ndoo kichwani. Nikasiliba sakafu yote, nikasiliba na mahali pa jiko. Ulipokauka, ungeapa kwamba ni saruji! Nilijisifu mwenyewe siku nzima. Kabula wangu, miaka mitatu, nikamtandikia mkeka pale chini, akawa anacheza hapo, analala hapo, anachora na kidole hapo.

Jambo la pili. Nilikuwa na kikaango kimoja tu. Baba Kabula akipata chochote shimoni, alikuja nacho nyumbani kimefungwa kwenye kitambaa, kidonge kidogo cha dhahabu iliyoshikana na zebaki. Hakutaka kuchoma nje, watu wana macho. Alifunga mlango, akakaa nyuma ya pazia, akaweka kidonge kwenye kikaango changu, akapuliza mkaa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Akimaliza, mimi nakichukua kikaango, nakisugua kwa majivu na mchanga mpaka kinang'aa, nakaanga yai la mtoto. Sikuona ubaya. Moto si unasafisha kila kitu? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Ndugu zangu, mtoto akaanza kuugua. Kwanza akawa mkali, analia kwa kila kitu, yeye aliyekuwa mcheshi. Usiku halali. Mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, na meno alikuwa ameshamaliza kuota. Viganja vikawa vyekundu, vinambambuka ngozi. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Nikimpa kikombe cha maji, maji yanaishia kifuani. Nilimpa dawa ya malaria, nikampa dawa ya minyoo, nikamkandakanda. Hali ikazidi. Kilo zikapungua, nikawa nikimbeba mgongoni nasikia mifupa.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema dhambi yangu, maana bila kuisema ushuhuda huu ni nusu.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Mama Limi. Yuko pale mbele, kilemba cheupe. Ni mjane, mtu mzima, na macho yake ni mekundu. Ninyi nyote mmetoka Usukumani, mnajua mama mwenye umri ule akiwa na macho mekundu watu husema nini. Na mimi nilisema. Nilianza kumfunika Kabula uso kwa kanga Mama Limi akipita. Nikimwamkia, nilimwamkia nikiwa nimeangalia pembeni, shikamoo ya mdomoni tu. Nikamwambia Baba Kabula kwamba mtoto amechezewa kwa uchawi, na aliyemchezea namjua. Baba Kabula aliinamisha kichwa, hakunikataza. Tukakubaliana kwamba Jumamosi tumpeleke mtoto kwa mganga fulani, amtaje mtu huyo kwa jina. Mnajua vizuri likishatajwa jina huwa kinafuata nini. Najua na mimi. Nilijua hata siku ile, na bado nilifunga kibegi.

Ijumaa asubuhi, Baba Kabula ameshakwenda shimoni, nikasikia hodi. Sikuitika. Nimempakata mtoto, siku mbili hajala, na mimi sijawasha moto. Hodi ya pili. Nikanyamaza tena. Mlango ukasukumwa, na aliyeingia ni Mama Limi, ameshika bakuli la unga, nyuma yake akina mama wawili wa kanisa.

Akaniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, kama vile tulikuwa tumeagana jana vizuri. Akasema wamesikia mtoto haendelei vizuri, wamekuja kupika uji. Nikamwambia hapana, jiko langu bovu, mkaa hakuna, na nyuma ya pazia pachafu asiende. Ndugu zangu, mtoto anakufa mikononi mwangu na mimi naogopa watu wasione sufuria zangu zimelala chini! Aibu ni kitu kibaya sana. Alivuta pazia akaingia.

Alipotoka alikuwa ameshika kikaango. Akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakiinamisha taratibu. Pale penye ukingo, kwenye ufa wa mshikio, vikatembea vitone viwili vitatu vinavyong'aa kama fedha.

Akaniuliza, "Mayu, humu mnachoma zebaki?"

Nikasema ndiyo.

"Na humu humu unampikia mtoto?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akakiweka kikaango nje ya kizingiti, akanawa mikono, akarudi kuchuchumaa mbele yangu. Akamshika Kabula vidole, akavitazama vinavyotetemeka.

"Baba Limi alitetemeka hivi hivi," akasema. "Alichomea ndani miaka, mimi sijui kwamba inadhuru. Mwisho hakuweza kushika kijiko. Funga kanga, mbebe mtoto, twende hospitali Geita sasa hivi."

Yule niliyemfunikia mtoto uso, ndiye aliyembeba Kabula mgongoni mpaka kwenye gari, mimi nikifuata nyuma.

Hospitali daktari alimsikiliza Mama Limi kwanza, halafu akanigeukia mimi. Akauliza juu ya nyumba, juu ya jiko, na juu ya sakafu. Nilipomwambia udongo nilioutumia, aliacha kuandika. Akanieleza polepole, bila kunigombeza, kwamba moshi ule wa zebaki huuoni wala huusikii harufu, unaingia kwa pumzi, na mtoto mdogo ndiye unayemuumiza zaidi. Kwamba zebaki iliyoingia kwenye kikaango haitoki kwa kusugua. Kwamba marudio nayo yamebeba zebaki ndani yake, na nimemtandikia mwanangu mkeka juu yake. Mimi nilikuwa nimejisifu kwa sakafu ile! Nililia pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Mungu ni mwema. Kabula alilazwa, akapewa dawa, akachunguzwa damu na mkojo. Siku ya kwanza hapana. Siku ya pili hapana. Wiki ikapita, nikaanza kumwona analala. Halafu akaomba chakula, akataja mwenyewe, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, nesi akafikiri nimepatwa na kitu. Na kabla hatujaruhusiwa nilimpa kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili, akanywa yote. Haleluya! Mtu asiyejua angeona ni mtoto anakunywa maji tu.

Daktari akakataza tusirudi chumbani mpaka pasafishwe. Basi nikakaa kwa nani? Kwa Mama Limi. Pale ndipo nilipojua kwa nini macho yake ni mekundu. Jiko lake lilikuwa chumba kisicho na dirisha, anapikia kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi unajaa mpaka unakohoa. Siku mbili tu nilizopika mle ndani, macho yangu mimi yakawa mekundu kuliko yake. Niliyemwita mchawi alikuwa mpishi.

Nilishindwa kukaa na jambo lile. Nikapiga magoti kwenye jiko lake nikamwambia yote, mpaka kibegi, mpaka Jumamosi. Aliendelea kuchambua mlenda. Halafu akasema, "Nilijua, mwanangu. Kila asubuhi ulikuwa unamfunika."

Mnasikia, ndugu zangu? Alijua! Alijua kwamba mtoto yule akikata roho mgongoni kwake njiani, mimi nitapiga kelele jina lake, na watu watakuja na mapanga. Alijua, na akabisha hodi mara mbili. Nilimwuliza kwa nini alikuja. Akasema mtoto hana kosa.

Wanawake wa kanisa wakaja chumbani kwangu, wamejifunga vitambaa puani. Bwana afya akatuonyesha namna ya kuchimbua sakafu ile yote na mahali pa kuifukia, mbali na kisima na kijito. Tukaenda kuchimba udongo wa kichuguu kule mashambani, mbali na machimbo, tukasiliba upya. Kuta tukazipaka udongo mweupe, chini tukazungushia mkanda mwekundu, akina mama wakachora maua kwa vidole. Mbao chakavu za fundi zikawa rafu, vikombe vikapanda juu. Misumari ukutani, sufuria zikaning'inia. Nje tukasimamisha kichanja cha miti cha kuanikia vyombo. Kanga iliyochakaa nikaipinda ncha, ikawa pazia la dirisha. Makochi sina mpaka leo! Ninakalisha wageni kwenye mikeka na vigoda, na wanachelewa kuondoka.

Na kwa Mama Limi tukatoboa dirisha, tukamjengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Baba Kabula ndiye aliyekanda udongo. Kikaango kile bwana afya alikichukua, na nguo za shimoni na zana zote zina sanduku lake nje, haziingii ndani hata mvua ikinyesha. Kuchoma anachoma huko huko mwaloni, kwenye chombo chenye mfuniko kinachoushika moshi. Wenzake walimcheka wiki mbili. Sasa wanne wanakiazima kwake.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mtoto. Namshukuru kwa kuniokoa na damu ya mtu ambayo ingekuwa mikononi mwangu, maana nilikuwa karibu sana. Mama Limi, mbele ya kanisa zima, naomba unisamehe tena. Najua umeshasema yameisha. Naomba tu wengine wasikie.

Sasa na wewe uliyekaa hapo. Labda chumba chako ni kama changu, na zamu yako ikifika unamfisha shangazi. Labda una karai au kikaango kinachofanya kazi mbili. Labda una mtoto anayetetemeka, na umeshachagua jirani wa kumsingizia. Mungu hakukimbii kwa sababu huna makochi. Fungua mlango, sisi tutapika uji. Tukitoka hapa mimi na Mama Limi tunaanza kuzunguka, nyumba moja baada ya nyingine, na swali letu ni moja tu, kikaango kiko wapi.

Nani tuanze naye? Nauona mkono kule mlangoni. Wewe dada mwenye mtoto mgongoni. Usilie, shusha mkono, wala usikimbilie kwenda kufagia kwanza. Tunakuja na wewe hivi hivi.