Mtaa Ulioonekana wa Baridi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, tarehe 30 Juni Shangazi anakabidhi funguo za chumba cha vipimo na kustaafu. Jina lake rasmi limo kwenye hati ya mshahara, lakini humu kituoni hata wanaomzidi umri humwita Shangazi, naye huitika.

Alipoajiriwa, kituo kilikuwa vyumba viwili na dishi moja juu ya paa. Picha za setilaiti zilitoka mashinini mstari kwa mstari, karatasi ikiwa bado na uvuguvugu. Kazi yake ilikuwa kusoma joto ambalo ardhi hulitoa kuelekea angani, lisiloonekana kwa macho, na kuligeuza kuwa nyuzi ambazo mkulima na daktari wanaweza kuzitumia. Pangaboi pekee lilielekezwa kwenye mashine, sisi tukijipepea kwa mafaili. Ukilalamika, Shangazi alikwambia uvumilie, maana mashine haina mdomo wa kuomba.

Saa nne na nusu asubuhi, setilaiti ilipopita juu yetu, hukumkuta ofisini. Alikuwa bwawani au shambani na kipimajoto chake, akipima chini kile ambacho chombo kilikuwa kikipima kutoka juu. Dereva aliyemsubiri miaka yote hiyo alilalamika kwamba ameoa mwanamke mmoja lakini anamngoja mwingine. Shangazi akamjibu kwamba huyu wa pili angalau hamwulizi alikuwa wapi.

Miaka kumi na minne iliyopita, baraza la jiji lilituomba ramani ya joto. Mitaa mitano yenye joto kali kuliko yote ndiyo ingepandwa miti na kuvutiwa mabomba ya maji. Tulipomaliza, mtaa wa mabati mapya nyuma ya kiwanda cha matofali ulionekana wa baridi kuliko bustani ya jiji. Tukafurahi kwamba tumewahi kabla ya tarehe ya baraza. Shangazi akakataa kutia sahihi.

Mkuu wa kitengo alimkumbusha kwamba zimebaki siku mbili. Yeye akaomba gari, akaenda, akapanda ngazi. Ramani ilisema nyuzi ishirini na nne. Bati lilikuwa na hamsini na nne. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akimpepea mtoto mwenye vipele vya joto kwa kipande cha boksi, alimsikiliza akieleza, kisha akasema, "Dada, kama huko juu wanaona baridi, waambie watushushie kidogo."

Kosa lilikuwa letu. Udongo na majani hutoa karibu joto lao lote, lakini bati jipya linalong'aa hutoa kidogo tu, hivyo kutoka angani huonekana limepoa ilhali linaunguza. Sisi tulitumia namba ya utoaji joto ya udongo kwa jiji zima.

Shangazi alirudia hesabu mtaa kwa mtaa kwa wiki tatu. Mtaa wa mabati ukashika nafasi ya kwanza kwenye orodha. Yeye akapewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi, na cheo cha mwaka ule kikaenda kwa mwingine. Aliipokea bila kubishana.

Wiki iliyopita mkuu yule, ambaye siku hizi hutembelea mkongojo, alikuja akaomba faili lenye barua ile ya onyo. Chini ya sahihi yake ya zamani akaandika kwamba aliyechelewa ni mmoja, waliokosea ni wote waliobaki. Shangazi alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kaka," alisema, "ungeandika mapema, leo ningekuwa nakuaga nikiwa nimekalia kiti chako."

Walicheka hadi mzee akatafuta pa kukaa.

Miti ya mtaa ule sasa imepita mapaa. Ramani ya mwaka huu inaonyesha umepoa, na safari hii tulikwenda wenyewe kupima kabla ya kutia sahihi. Ni kweli umepoa.

Asante, Shangazi. Upumzike kwa afya, kati ya watu wanaokupenda.