Subaru ya Muoki Inapunguzwa Kilo

Benchi la pale Komarock, kando ya gereji inayotazamana na duka la unga, halijawahi kumnyima mtu ushauri. Ukilikalia na jino linalouma utaondoka na dawa tatu. Ukilikalia na gari, Mungu akusaidie. Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri, Andati muuza kahawa alikuwa ameshatua birika lake, na wazee wa benchi watatu wanaikodolea macho Subaru ya Muoki. Geji, jina la nyumbani Opicho, kazi yake ni kusoma vipimo vya presha katika kiwanda cha mikate. Kamishna, yaani Mzee Nzivo, aliendesha lori la serikali miaka ishirini na mpaka leo hajaacha kutoa amri. Dokta Wanyoike huuza vifuniko vya simu, na huangalia video za magari zaidi kuliko anavyolala.

Muoki mwenyewe ni karani wa ghala, miaka ishirini na saba, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kuingia uwanja wa mbio. Turbo kubwa alishaweka, ekzosi mpya alishaweka, gari akalishusha mpaka linakwaruza matuta ya mtaani. Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa gari. Kakake mkubwa, Kimeu, alifia Bypass mwaka juzi akishindana na wenzake barabarani. Baada ya hapo Muoki alimwapia mama yao kwamba yeye akitaka kukimbia atakimbia uwanjani tu, penye helmeti, ambulensi na watu wa bendera. Mama akasema sawa, ila nitakuja nione kwa macho yangu, na nikiona ni yale yale, gari linauzwa. Hayo yalisemwa Jumapili. Tangu hapo hakuyataja tena, na Muoki akaanza kujiambia kwamba pengine kwaya ya kanisani itambana mama.

— Buda, skiza, — Geji alianza, akipuliza kahawa. — Hii ndai nguvu iko nayo. Shida ni uzito. Hebu niambie, kiti cha nyuma kesho kinabeba nani?

— Hiyo ndiyo ya kwanza kung'olewa, — Dokta akadakia. — Wase wa majuu, huko Ulaya, hawabebi kiti. Nimeona kwa video.

Kiti kilitoka kwa dakika saba. Wakakiweka chini kando ya benchi, na Geji akakihamia papo hapo, akasema kinashinda kitanda chake.

— Lakini huko uwanjani wanataka nini hasa? — Andati aliuliza.

— Helmeti, — Muoki alisema. — Breki ziwe poa, mafuta yake nimebadilisha juzi. Gari isivuje. Betri ikazwe na chuma.

Hapo kwa betri alicheka peke yake. Mpaka asubuhi hiyo, ya kwake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama betri nusu ya Komarock.

— Halafu asubuhi unaingia darasa kwanza, — akaongeza. — Wageni tunakimbia kivyetu. Na hupiti mwenzako kwa kona.

— Darasa? — Kamishna aliweka kikombe chini. — Mimi nimefika Lodwar na lori, sijawahi ingia darasa la mtu!

— Lori lako lilikuwa linapitwa na ng'ombe, Kamishna, — Geji alimchokoza.

— Ng'ombe wa Turkana wanakimbia, wewe! Toa spea. Toa jeki. Hiyo ni amri.

Spea ikatoka, jeki ikatoka. Mazulia yakafuata, na chini yake wakapata shilingi tano na karanga za zamani.

— Usijaze tangi, — Dokta alisema. — Na usikule sapa leo. Sapa ni kilo moja.

— Ugali ni kilo mbili, — Geji akamsahihisha. — Na hiyo hewa ya magurudumu je? Mimi napima hewa kila siku, hewa ina uzito! Hii ya Kangundo Road imejaa vumbi. Ingekuwa mimi ningeenda kujaza Kitui. Hewa ya Kitui ni nyepesi, hakuna gari nyingi.

— Kitui ni mbali, — Kamishna alisema kwa uzito wote. — Ajaze Komarock, lakini alfajiri, kabla watu hawajaipumua.

Muoki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Aliwapenda hawa watu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kukanyaga uwanja wa mbio, na bado kila mmoja alikuwa ameacha kazi yake ili ahangaike na gari lake.

— Imebaki kiti cha abiria, — Dokta alisema. — Hicho ni kilo kama ishirini, manze.

Muoki akaishika spana, akasita. Alimfikiria mama. Kisha akajiambia kwamba tangu Jumapili hajasema neno, na kwamba mtu mzima hawezi kuota jua kutwa nzima akiangalia magari. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kumtazama usoni akishuka kwenye gari. Alifungua bolti nne, akakitoa kiti, na ndani ya Subaru kukabaki kiti kimoja tu, cha dereva.

Hakuwa hata amepangusa mikono alipomwona akivuka barabara. Mama Kimeu, ndivyo mtaa mzima ulivyoendelea kumwita, alikuwa na mwavuli mpya mkononi na kofia ya jua, bado ina lebo yake.

— Hamjambo nyote?

— Hatujambo, Mama Kimeu, — wakaitikia kwa pamoja, na Kamishna akavua kofia yake.

— Muoki, nimemwambia mwalimu wa kwaya kesho sipo. Tunatoka saa ngapi?

— Saa kumi na moja, Mama. Alfajiri.

Aliinama akachungulia ndani ya gari. Akachungulia upande wa pili pia, asije akawa ameona vibaya.

— Na mimi nitakaa wapi?

Dokta alikohoa. Kamishna, ambaye kwa miaka hajawahi kukosa amri, aliangalia viatu vyake. Andati alijimiminia kahawa ambayo hakuinywa.

— Mama, — Muoki alisema. — Nilidhani hutakuja.

— Kimeu hakuwahi kuniambia anaenda wapi, — alisema, wala hakupandisha sauti. — Wewe uliniambia.

Muoki aliinama akaokota spana. Geji aliinuka kwenye kiti cha nyuma bila kuambiwa, akashika upande mmoja, na Dokta akashika mwingine.