Bibi wa Urusi Alipokaa Kimya

Kwenye Kosta ya Manyoni, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi alikuwa akimsimulia bibi wa kiti cha pili, mbele yangu, jinsi alivyotembelea kijiji cha rafiki yake: nyumba za mbao, mto, kanisa dogo, na alizeti kama za Ikungi. Bibi hakushangazwa na lolote. Aliuliza tu, "Mkaagana vizuri?"

"Hapo ndipo nilipochemka, bibi. Nimeshabeba begi, bibi yake rafiki yangu akaketi, akakaa kimya. Wote wakakaa. Nikajua chakula kinakuja, nikavua koti, nikaenda kunawa mikono. Kumbe kwao mtu akisafiri mnakaa kwanza kidogo, ndipo anatoka. Basi likaniacha. Yule bibi akacheka, akanipikia viazi."

"Hakutaka uondoke."

"Ni desturi yao tu, bibi."

"Desturi! Wewe una wajukuu wangapi walio mbali?"

Kijana mwenyewe nadhani hata mchumba hajapata.

Tukafika Mkiwa. Konda akagonga bodi: "Bibi, si ulisema unashuka hapa?"

Bibi akakumbatia kikapu chake, akakaa kimya. Kijana, aliyekwisha kusimama kumpisha, naye akaketi tena. Na mimi, niliyekuwa nashuka hapohapo, nikajikuta nimekaa.

Konda akagonga tena.