Simu ya Nanay Consorcia Haipatikani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Consorcia Dumalagan, wa mtaa wa Molo, hapa Iloilo, Ufilipino. Nanay Consorcia, yaani Mama Consorcia, aliyeshona sare za shule mpaka macho yakamgomea. Presha nayo ilikuwa haimwachi.

Macho yalipomgomea, maktaba ikamwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Ee, hapo ndipo raha ilipoanza! Lakini kitabu cha maktaba ni cha kuazima. Siku ikifika, kinajifuta chenyewe simuni. Nanay akagundua ujanja: ukiikata simu mtandao wote, kitabu hakijui kuwa siku imefika. Basi akawa anaikata. Kitabu kinabaki, simu haipatikani.

Na anayempigia ni Jovelyn, binti yake wa pekee, anayelea wazee wa watu huko Taiwan. Kila simu isipopatikana, anampigia jirani wanayemwita dada, Mana Berta. Mana Berta anakimbia na kandambili moja mguuni, anamkuta Nanay amejiegemeza kitini, waya za kusikilizia masikioni, hana habari.

"Nay, unataka kuniua kwa presha?" Jovelyn aliwahi kumfokea.

"Presha ni yangu, usininyang'anye! Nilikuwa nimebakiza sura moja tu."

Jovelyn anasema siku ile walicheka sana.

Jumapili iliyopita mchana simu haikupatikana tena. Jovelyn akampigia Mana Berta.

"Nikamchungulie?" Mana Berta akauliza.

Jovelyn akasita. Aliona aibu kumsumbua mtu kila mara. "Muache tu, Mana. Yuko na kitabu chake."

Jioni Mana Berta alimpelekea uji wa mchele. Nanay alikuwa kitini, waya masikioni. Sauti ilikuwa bado inasoma.

"Mwili ulikuwa umeshapoa?" Jovelyn aliuliza kwenye simu.

Mana Berta akaanza kulia.

"Niambie, Mana. Mchana tungemuwahi?"

Mana Berta alikuwa analia tu.

Jovelyn, dada yetu, pole sana. Ingekuwa ni mimi, ningesema vilevile. Mana Berta, pole na wewe, ulikimbia mara nyingi.

Wasikilizaji wapendwa, kuna mtu wenu ambaye leo simu yake haipatikani, na mmeshajiambia kwamba mnajua yuko wapi. Zimeni redio. Nendeni mkapige hodi.