Karani wa Mizani Aliyetupima Sote

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Novatus Kija anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika mizani ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba, Bariadi. Hakuna mkulima aliyewahi kumlalamikia. Wafanyakazi ni habari nyingine.

Kila asubuhi aliongoza sala kabla ya mashine kuwashwa. Aliitwa na Bwana, alisema, na kwa bidii ya wito huo alikagua nani kachelewa na nani ananuka pombe. Mboje, dereva wetu, alirudishwa mlangoni mara nyingi hadi akazoea kusali garini. Nyanjige, mpishi wa chai mwenye sauti nzuri kuliko kwaya nzima, alizuiwa kuanzisha nyimbo kwa kuwa ana watoto watatu na hana ndoa. Hata akimwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", Bwana Novatus alijibu kwa kukohoa.

Mwaka 2019 mkewe, Mama Benedikta, alipata kiharusi. Sisi wa sala ya asubuhi tulikwenda kumwona. Tuliomba kwa sauti kubwa, tukala wali, tukaondoka. Nyanjige alikwenda kila alasiri kwa miezi minne. Alimwosha mgonjwa, akamgeuza, akafua mashuka. Bwana Novatus alivumilia wiki tatu, kisha akamuuliza atatubu lini.

"Baba, hayo nitaongea na Mungu," Nyanjige alimjibu. "Nisaidie kumwinua mama, maji yanapoa."

Akamwinua. Tangu siku hiyo wakamwosha pamoja.

Jumatatu moja Bwana Novatus alisimama kwenye sala. "Nimewaita watu wamfuate Yesu," alisema, "kumbe mimi ndiye niliyewazibia njia." Akamwomba Nyanjige msamaha mbele ya wote, kisha akatoka nje kumfuata Mboje garini.

Tulipiga makofi. Halafu, kwa kuwa sisi ni Wakristo, tulimsema mwezi mzima: mnafiki, kachelewa kutubu, anatafuta sifa. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa mstari wa mbele. Bwana Novatus alisikia yote, akaendelea kusalimia watu na kuosha vikombe na Nyanjige.

Sasa anarudi Ipililo kulima mpunga na Mama Benedikta, anayetembea kwa mkongojo. Asante, Baba, kwa mizani sahihi na kwa msamaha ambao hatujakuomba bado. Tunakutakia mvua za kutosha, afya njema, na majirani wenye huruma kutuzidi sisi.